Kukamata na Kupakia Ng'ombe

Hotuba ya Idara ya Mifugo iliyosomwa mbele ya wanachama katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Umoja



 Wenzetu waliotangulia wamekwisha kueleza habari za pamba, za mikopo, na za hesabu za Umoja wetu kwa muda wa miaka 10. Sisi tumepewa jambo lionekanalo dogo, ambalo aghalabu hufanyika alfajiri nyuma ya zizi, wakati hakuna mgeni wala mjumbe aliye karibu kulitazama. Jambo lenyewe ni namna tunavyomkamata ng'ombe na kumpandisha katika tela au lori ili aende sokoni.

Huenda baadhi yenu mkauliza moyoni: Je, ni nani katika nchi hii ya Shinyanga asiyejua kumshika ng'ombe? Swali hilo ni la haki. Mtoto wa huku kwetu hujua kuchunga kabla hajajua kusoma. Lakini kuchunga ni kazi moja na kupakia ni kazi nyingine, na hii ya pili wazee wetu hawakuturithisha, kwa sababu wao wenyewe hawakuwa nayo. Ng'ombe wa babu zetu alikwenda sokoni kwa miguu yake. Alipita katika njia za mifugo, akala na kunywa njiani, na wachungaji wakamfuata polepole kwa siku nyingi. Reli kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, njia nyingine ikafunguka, ya kuwatia ng'ombe katika mabehewa. Hata hivyo kazi hiyo ilikuwa ya stesheni, haikuwa ya kila kijiji.

Leo mambo yamegeuka. Ng'ombe aendaye mnada wa Pugu, Dar es Salaam, husafiri kwa lori, mwendo wa kadiri ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Na kabla hajaliona lori, mara nyingi hupandishwa katika tela la trekta, lile lile lililobeba pamba, ili afikishwe mnadani. Kwa hiyo mnyama mmoja hupanda na kushuka mara mbili au tatu, na kila mara hukutana na watu wenye haraka, wenye fimbo na kamba. Hapo ndipo mali iliyolelewa kwa miaka minne au mitano huanza kupungua thamani kwa dakika chache.

Hasara yenyewe ni ipi

Hasara ya kwanza ni michubuko. Ng'ombe apigwapo fimbo mgongoni, au agongapo nyonga yake katika nguzo ya mlango, damu huvuja ndani ya nyama. Nyama hiyo haifai kuliwa. Huoza upesi, na mkaguzi huamuru ikatwe na kutupwa. Tuseme lori limebeba ng'ombe 20, na kila mmoja amekatwa kilo 3 tu za nyama iliyovilia damu. Hizo ni kilo 60. Ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 250 hutoa nyama pamoja na mifupa karibu nusu ya uzito wake, au pungufu. Basi kilo 60 hizo ni kama nusu ya ng'ombe mzima aliyetupwa jalalani, wala hakuna mtu aliyemwiba. Bandu bandu huisha gogo.

Hasara ya pili haionekani kwa macho mnyama akiwa hai. Katika misuli ya ng'ombe aliyepumzika mna akiba ya sukari. Akisha kuchinjwa, sukari hiyo hugeuka kuwa asidi, nayo asidi ndiyo inayoipa nyama rangi nzuri na kuisaidia kukaa bila kuharibika upesi. Ng'ombe aliyefukuzwa, aliyeogopeshwa na kupigana njiani huimaliza akiba hiyo kabla hajafika machinjioni. Nyama yake huwa nyeusi, kavu na ngumu kuuzika, nayo huharibika mapema. Hakuna dawa ya kuirudisha.

Hasara ya tatu ni ya ngozi, inayochanwa na misumari, na vipande vya bati, na miiba iliyofungwa mlangoni badala ya komeo. Na hasara ya nne, iliyo kubwa kupita zote, ni ya watu. Mtu aliyezungushia kamba mkononi, ng'ombe akaruka ghafula, huweza kupoteza vidole. Mtu aliyesimama kati ya mlango na mnyama huweza kubanwa mbavu. Hakuna bei ya mnada iwezayo kulipa mkono wa kijana.

Wako wasemao: "Mimi nimekwisha kupokea fedha zangu mnadani, michubuko ni shauri la mnunuzi." Neno hili lafanana na haki, lakini si la kweli. Mnunuzi aliyepata hasara mwezi uliopita hasahau. Akija tena hupunguza bei, naye hampunguzii yule tu aliyempiga ng'ombe wake, bali sote tunaotoka upande mmoja, mwenye rungu na asiye na rungu. Tena nyama hueleza habari zake yenyewe. Mchubuko mpya ni mwekundu. Uliokaa siku kadhaa huelekea rangi ya manjano. Mkaguzi mwenye uzoefu hutambua ni nani aliyepiga, kama ni wa machinjioni leo au ni wa kijijini kwetu siku zile. Na siku Umoja wetu utakapouza kwa uzito wa nyama badala ya uzito wa mnyama aliye hai, hasara yote itaandikwa katika daftari letu wenyewe.

Tumfahamu mnyama kabla ya kumshika

Jicho la ng'ombe limewekwa ubavuni mwa kichwa. Kwa sababu hiyo huona karibu pande zote kwa mara moja, isipokuwa sehemu ndogo iliyo nyuma yake kabisa. Mtu amwendeaye kwa nyuma kimya kimya humshtua, naye hupiga teke. Lakini macho hayo hayapimi vizuri kina cha kitu. Kivuli chini humwonekea kama shimo. Maji yanayometameta humtia shaka. Nguo iliyotundikwa ukutani, mnyororo unaoning'inia, au mtu aliyesimama mbele ya lango, humfanya asimame. Basi sisi twasema, "Ng'ombe huyu ni mkaidi," hali yeye anatazama koti letu.

Dokta Temple Grandin wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1947, ambaye alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, alipata sifa kwa sababu aliingia mwenyewe katika njia za kupitishia ng'ombe, akatazama mbele kwa kimo cha macho yao. Mara nyingi aliona kitu kidogo kilichokuwa kikiwasimamisha, na kilipoondolewa wakapita bila kupigwa. Jambo hilo halihitaji fedha. Kila mkuu wa wapakiaji aweza kuinama na kupita katika ujia wake kabla ya kazi kuanza.

La pili la kufahamu ni hili: kila ng'ombe ana mpaka wake asioupenda mtu auvuke. Ukiuvuka, yeye huondoka. Ukirudi nyuma, husimama. Mnyama aliyezoea kushikwa ana mpaka mfupi. Aliyelelewa porini ana mpaka mrefu. Tena bega lake ni kama mizani. Ukisimama nyuma ya bega, huenda mbele. Ukisimama mbele ya bega, hurudi nyuma. Mtu ajuaye mambo haya mawili humwongoza ng'ombe kwa hatua zake mwenyewe, na fimbo yake hubaki begani. Lakini wengi wetu husimama mbele ya kichwa tukivuta kamba, huku mwenzetu akipiga kwa nyuma. Hivyo mnyama huamriwa mambo mawili kwa wakati mmoja, kisha huadhibiwa kwa kutotii.

La tatu ni muda. Ng'ombe aliyekwisha kutaharuki huhitaji dakika 20 hadi 30 ili moyo wake utulie. Anayemfukuza uwanjani ili aokoe dakika 5 atapoteza nusu saa nzima.

Kukamata

Ng'ombe asikamatwe mbugani kwa kufukuzwa. Na waletwe zizini jioni ya jana yake, wapewe maji, walale humo. Asubuhi watengwe wachache wachache, watatu au wanne, wala asitengwe mmoja peke yake, kwa maana ng'ombe aliyetengwa na wenzake huingiwa na hofu na huweza kuruka ua. Ikiwa yuko maksai mzee aliyezoea kazi ya jembe, yeye atangulie, wengine watamfuata.

Ikibidi kutumia kamba, iwe hatamu iliyofungwa kichwani, isiwe kitanzi kinachokaza shingoni. Fundo liwe lile lisilokaza mnyama avutapo, liwezalo kufunguliwa kwa mkono mmoja. Kamba izungushwe katika nguzo imara, kamwe isizungushwe mkononi wala kiunoni. Mkia usikunjwe, kwa maana mifupa yake huvunjika. Jicho lisitiwe kidole wala pilipili. Na ng'ombe mzima asilazwe na kufungwa miguu ili abebwe kama gunia. Mnyama acheuaye, akilazwa ubavu kwa muda mrefu, hewa ya tumboni haipati njia ya kutoka. Huvimba, na huweza kufa kabla trekta halijafika barabarani.

Kipakilio

Sakafu ya lori huwa juu kadiri ya mita 1 na sentimita 20. Kumtaka ng'ombe aruke kimo hicho ni kumtaka avunje mguu. Panapo kipakilio, kazi yote hubadilika. Kanuni yake ni nyepesi kukumbuka: kila mita 1 ya kwenda juu ipewe mita 3 za urefu. Kikijengwa kwa saruji kiwe na vidaraja, kila kimoja kimo cha sentimita 10 na upana wa sentimita 30. Kikiwa cha mbao, vipigiliwe vipande vya kukingama kila baada ya sentimita 20, ili kwato zisiteleze. Huko juu pawe na mahali pa tambarare, mnyama apate kusimama sawa kabla ya kuingia.

Ujia wa kuelekea huko uwe na upana wa kadiri ya sentimita 70, ng'ombe wetu wa kienyeji asiweze kugeuka. Kuta zake zifunikwe pande zote mbili, asione watu wanaopita. Pawekwe upenyo wa sentimita 40, mtu apate kutoka upesi palipo na hatari. Na kwa kuwa kazi yetu hufanyika alfajiri, kipakilio kisielekee mashariki. Ng'ombe hakubali kutembea huku jua likimpiga machoni. Kielekee kaskazini au kusini.

Na mwanachama aliye mbali na kipakilio afanye nini? Atafute tuta au ukingo wa mtaro wenye kimo cha tela, alirudishe tela nyuma mpaka liguse udongo, asiache nafasi ya mguu kuzama. Tela la magurudumu mawili lisifunguliwe kutoka kwenye trekta wakati wa kupakia, kwa sababu ng'ombe wa kwanza akikanyaga nyuma, mbele kutanyanyuka, na wote wataanguka. Magurudumu yawekewe mawe.

Ndani ya tela

Sakafu itandazwe mchanga na majani makavu juu yake. Misumari iliyochomoza ing'olewe. Ng'ombe mzima wa kwetu ahesabiwe kadiri ya mita 1 na robo ya eneo. Tela lenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 2 litabeba ng'ombe 6, wala si 10. Wakizidi, aangukaye hawezi kuinuka, na wenzake humkanyaga. Lakini wakiwa wachache mno, hurushwa huku na huku kila dereva akanyagapo breki. Basi na wawekewe ubao wa kuwatenga.

Fahali wasiojuana wasichanganywe. Wenye pembe ndefu wasiwekwe pamoja na ndama. Mgonjwa, anayechechemea, na ng'ombe aliyekaribia kuzaa wabaki nyumbani. Kibali cha afisa mifugo kipatikane kabla ya safari. Dereva aondoke polepole, na baada ya nusu saa ya kwanza asimame kutazama kama yuko aliyelala. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inawalinda wanyama hawa. Si hiari ya dereva wala ya utingo.

Jambo tunaloliweka mbele yenu

Ndugu Wanachama, yote tuliyoyasema yanaweza kusikilizwa leo na kusahauliwa kesho, ikiwa desturi moja haitabadilishwa. Desturi hiyo ni kumlipa mpakiaji kwa kila kichwa cha ng'ombe. Alipwaye kwa kichwa hupata faida kwa haraka, na haraka hiyo huzaa fimbo. Twamlaumu kijana kwa kupiga, hali sisi ndio tunaomlipa apige. Kwa hiyo tunaomba Mkutano Mkuu ukubali mambo matatu.

Kwanza, wapakiaji walipwe kwa siku, na kikosi kilichopakia bila ng'ombe kuanguka kipewe zawadi juu ya ujira. Baadhi ya wajumbe wamehofu kwamba alipwaye kwa siku atazembea. Hofu hiyo twaiheshimu. Lakini ng'ombe 20 watulivu huweza kupanda upesi kuliko 5 walioogopeshwa, na kijana aliyekwisha kujifunza kazi atapenda kuimaliza mapema na salama.

Pili, kila chama cha msingi kijenge kipakilio kimoja. Twafahamu kwamba fedha ni chache, na kwamba wako wanachama wasio na ng'ombe wa kuuza mwaka huu, nao wanauliza kwa nini wachangie. Hawa wasidharauliwe. Ndiyo maana hatuombi kipakilio cha fahari. Mawe, udongo na magogo tunavyo vijijini, na mikono tunayo. Umoja uombwe saruji na fundi tu. Na asiye na ng'ombe leo aweza kuwa naye kesho; tena bei nzuri ya mifugo huleta fedha za kununulia mazao yake sokoni.

Tatu, kila kikosi kiwe na daftari. Humo yaandikwe mambo manne: wangapi walipakiwa, wangapi waliteleza au kuanguka, wangapi walilia kwa kuumizwa, na wangapi walipigwa. Hesabu hii haihitaji elimu kubwa, na mwisho wa mwaka itatuonyesha ni chama gani kimeendelea na ni kipi kinahitaji msaada. Fimbo ziachwe nje ya ujia. Atakayehitaji kuongoza na achukue ufito wenye kitambaa mwishoni. Ng'ombe atakitazama kitambaa na kukiepuka, wala hataumia.

Wazee wetu walisema kwamba mwenda pole hajikwai. Msemo huu, tunaoutumia kwa mambo ya wanadamu, unamfaa pia mnyama apandaye kipakilio. Miaka 10 iliyopita tuliungana kwa sababu kila mmoja peke yake alionewa bei. Tumefanikiwa kusimama pamoja mbele ya mnunuzi. Sasa yatupasa kusimama pamoja nyuma ya ng'ombe pia, upande ule wa bega utakiwao, kwa utaratibu na bila kelele, ili mali tunayoilea kwa jasho ifike sokoni ikiwa nzima, na vijana wetu warudi nyumbani wakiwa wazima.

Twamwomba Mwenyezi Mungu aubariki Umoja wetu, atupe mvua ya kutosha na malisho mema.